Akina Kalachov wa Zaozerye

Zaozerye, 4 Oktoba 1966

Kaka yangu Senya,

Pokea salamu za wote wa nyumba hii, wakubwa kwa wadogo. Sisi hatujambo. Viazi tulimaliza kuchimba Jumapili, magunia kumi na moja, na pipa la kabichi limeshatiwa chumvi. Lyonya wangu amepewa trekta jipya na analizungumzia kama vile amelizaa yeye. Verochka ameng'oka meno mawili. Mama Uliana magoti yanamuuma, ila ulimi haujambo kabisa. Jana tarishi alisimama langoni na barua mbili, moja ya Mitya kutoka Perm na moja ya Rimma, akasema, "Kalachov, Kalachov, Kalachov! Nyinyi mmeota kama uyoga baada ya mvua." Mama Uliana akamjibu, "Uyoga wako ulishawahi kukuandikia barua, wewe?"

Mwezi wa nane tulikusanyika saba kati ya sisi watoto tisa wa Mama Uliana kumpongeza siku yake ya kuzaliwa. Ulikosekana wewe, na Gena, ambaye bado hajatoka gerezani kwa ile pikipiki. Mama Uliana hajamsamehe. Anasema jina la marehemu Yefim wake halikuwahi kulala jela hata siku moja.

Sasa nikueleze kilichonikalisha kuandika.

Alhamisi nilikuwa napiga pasi, redio ikiwa kwenye kile kipindi cha kutafuta waliopoteana vitani. Huwa nakizima, maana Mama Uliana hulia. Siku hiyo mikono ilikuwa na kazi, nikakiacha. Mtangazaji akasoma: "Anatafutwa Taya, aliyezaliwa mwaka 1939, aliyeondolewa Leningrad masika ya 1942. Chini ya goti la kushoto ana kovu la kuungua kwa samovari ya kuchemshia chai. Bibi yake alimwita Buma. Anayemtafuta ni mama yake, Nadezhda Verigina."

Senya, niliunguza blauzi ya watu.

Kovu langu unalijua. Na Buma ndilo jina nililompa mwanasesere wa kwanza aliyenishonea Mama Uliana, na hakuna aliyejua nimelitoa wapi. Lakini yule mama hakutaja mvulana. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Mama anaweza kumtafuta binti akamsahau mwana? Tulipofikishwa hapa na gari-moshi la watoto wewe ulikuwa na miaka saba, mimi miwili na kitu. Unayekumbuka ni wewe. Niambie, mama yetu ndiye huyu? Sijaandika kokote, nangoja neno lako.

Dada yako,
Taya


Igarka, 21 Novemba 1966

Taya mpendwa,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Barua yako ilikwama wiki tano ng'ambo ya mto. Uwanja wa ndege uko kisiwani, na barafu ilipokuwa inaganda hakuna boti wala gari lililoweza kuvuka. Sasa mto Yenisei umeganda kabisa, malori yanapita juu yake. Mimi mzima. Kiwandani tumemaliza kupasua mbao za meli za mwisho, sasa ni kutengeneza injini hadi kiangazi. Kwa posta hii namletea Mama Uliana samaki wakavu. Mwambie awaloweke kwanza, asije akavunja meno akanilaumu mimi.

Kuhusu redio, husema mengi. Samovari zimeunguza watoto wengi Leningrad. Yule mama ana uchungu wake na sitaki kumsema vibaya, lakini usimpe tumaini ambalo hutaweza kulibeba. Mimi nakumbuka baridi na mabehewa tu. Sisi ni Kalachov, Taya. Kwangu hilo linatosha, na kwako lilitosha mpaka Alhamisi ile.

Mchezeshe Verochka. Mwambie mjomba atamletea jino la samaki mkubwa badala ya yale yaliyong'oka.

Senya


Zaozerye, 18 Desemba 1966

Senya,

Salamu. Samaki wamefika. Mama Uliana hakuwaloweka, na jino halikuvunjika, kwa hiyo anasema hujui samaki.

Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta mahali ulipojibu nilichouliza. Sikupaona. Nikamwendea yeye jikoni.

"Mama, mimi na Senya tulikuja vipi?"

"Kwa farasi, kutoka kituoni. Mlinuka wote."

"Najua. Namaanisha, ulijuaje kwamba ni ndugu?"

Akachochea uji wa shayiri kana kwamba sikusema kitu. Halafu akasema, "Muulize Senya. Mimi nilikuwa mpishi. Sikuwa nikiandika, nilikuwa nikipika."

Nikambana, akanieleza ile hadithi ambayo sote tunaijua, nami niliisikiliza kama mpya. Kwamba watoto tisa wa gari-moshi lile hawakuwa na majina ya ukoo. Wengine vibandiko vya majina kwenye nguo zao vilifutika kwa maji, wengine walikuwa wadogo mno kusema. Mwandishi wa wilaya akataka kutupa majina kwa herufi, huyu A, huyu B. Mama Uliana alikuwa ameletewa karatasi ya kifo cha mumewe Yefim kabla ya mwaka mpya, na ya mwanawe Prokhor mwezi wa pili. Mwanawe mwingine, Stepan, alikuwa ameuawa wiki za kwanza kabisa za vita. Akaingia na mwiko mkononi, akamwambia mwandishi, "Andika Kalachov, wote. Nyumbani kwangu jina hilo halina tena wa kulibeba." Mwandishi akasema sheria hairuhusu. Akamwambia, "Basi na sheria ije ile uji wangu." Akaandika.

Unakumbuka tulivyofurahi? Jina lenye mkate ndani yake! Ule mkate wa duara, kalach, tulikuwa hatujauonja miezi mingapi, na sasa tunaitwa kwa jina lake. Mitya alikuwa analitamka huku anatafuna. Mimi sikulitoa hata nilipoolewa. Lyonya alinuna wiki nzima.

Nimemwandikia Nadezhda Verigina. Amejibu. Ametuma picha, na mtoto wa kwenye picha ni Verochka mtupu. Anasema alichukuliwa hospitali hajitambui kwa njaa, majirani wakanipeleka kituo cha kupokea watoto, na alipotoka hospitali sikuwepo. Na anasema alikuwa na mtoto mmoja tu. Mmoja, Senya. Nimemuuliza mara mbili.

Basi niambie kwa maneno yako, na usinilaze tena kwa habari za injini. Wewe ni nani wangu?

Taya


Zaozerye, 9 Machi 1967

Senya,

Miezi mitatu bila barua yako. Mto wenu umeganda, malori yanapita juu yake, ulisema mwenyewe. Kwa hiyo si mto.

Mama Uliana alilazwa siku sita kwa mapafu, sasa yuko nyumbani na anagombana na kila mtu. Nadezhda Verigina anakuja mwisho wa mwezi wa sita. Anataka nilirudie jina langu, karatasi ameshazitafuta. Sijui nimwambie nini kabla ya kujua la kwako.

Ukiwa mgonjwa, mwambie mtu aniandikie.

Taya


Igarka, 7 Mei 1967

Taya,

Salamu kwako, kwa Lyonya, kwa mtoto, na kwa Mama Uliana ambaye nasikitika sikuwepo alipougua. Mimi si mgonjwa. Barua zako zote mbili zilifika kwa wakati wake.

Barafu ya mto imeanza kulia. Posta ya mwisho inavuka kesho asubuhi, halafu tutakaa mwezi mzima bila barua kuingia wala kutoka. Nimeichagua siku hii makusudi. Ukikasirika, hasira yako itanikuta mwezi wa sita. Unaona kaka yako alivyo jasiri.

Sikuzaliwa Senya Kalachov, wala sikulisahau jina langu hata dakika moja. Mimi ni Arseni Yurlov. Baba aliitwa Vikenti, fundi wa saa, alikwenda vitani wiki ya tatu. Mama alifariki mwezi wa pili, kitandani, mimi na mdogo wangu tukiwa pembeni yake. Mdogo wangu aliitwa Lida. Alikuwa na miaka minne.

Walituvusha ziwa juu ya barafu kwa lori, wakatutia kwenye behewa. Siku ya tano Lida aliacha kuniuliza tunafika lini. Katika kituo kimoja, mchana, jua linawaka juu ya theluji, mhudumu akamfunga kwenye koti la askari akashuka naye. Aliporudi hakuwa na koti wala Lida. Kwenye orodha, mbele ya jina lake, akaweka msalaba kwa penseli. Niliona. Mistari yetu ilifuatana: Yurlov Arseni, Yurlova Lidia.

Wewe ulikuwa upande wa pili wa behewa. Kibandiko chako kilikuwa kimelowa, hakisomeki, ulijua kusema Taya tu. Ulitambaa juu ya mbao mpaka kwangu ukaingiza mkono mfukoni mwangu kutafuta mkate. Hakukuwa na mkate. Mkono ukauacha mle mle. Ukalala.

Tulipofika Zaozerye walikuwa wanatenganisha. Walio chini ya miaka minne wanapelekwa kituo kingine, siku mbili kwa farasi, isipokuwa mwenye ndugu mkubwa. Mwanamke wa mlangoni akakushika. Nikasema, "Huyu ni dada yangu." Akaniuliza, "Jina la ukoo?"

Fikiria, Taya, nilikuwa na miaka saba lakini nilielewa. Nikisema Yurlov, atafungua orodha, atauona msalaba, atajua dada yangu alishakufa, nawe watakuondoa. Nikasema, "Sikumbuki." Akauliza la kwangu mwenyewe, nikasema Senya, kifupi cha Arseni na cha Semyon pia, akaandika Semyon. Kibandiko changu nilikuwa nimeshakitupa kwenye jiko la jikoni tulipokuwa tunangoja uji, mara niliposikia kwamba watatutenganisha. Orodha ilibaki na mtoto mmoja asiyeonekana, wakadhani ameshushwa njiani, maana wengi walishushwa.

Lililobaki ndilo lililonifunga mdomo.

Mwaka 1957 nilipomaliza jeshi sikuja Zaozerye moja kwa moja, nilikudanganya kuhusu treni. Nilikwenda Leningrad. Nyumba yetu ipo. Jirani wa ghorofa ya chini alinitambua kwa masikio, akakaa chini kwenye ngazi. Baba alirudi vitani mzima, Taya. Alirudi mwaka 1945. Akapewa karatasi ya kifo cha Lida, na yangu haikupatikana. Akaandika kwenye vituo vyote vya watoto alivyoweza kuvijua. Jirani alikuwa ametunza majibu kwenye sanduku la biskuti. Nikayapitia moja moja. Moja lilikuwa na mhuri wa Zaozerye, mwaka 1946: "Hatuna mtoto wa jina Arseni Yurlov." Nilikuwa na miaka kumi na miwili, huenda siku hiyo nilikuwa uani nakata kuni. Baba alifariki mwaka 1951. Kaburini sikwenda. Nilipanda treni nikaja kwenu, ukanipokea kituoni ukikimbia, umevaa viatu visivyofanana, ukapiga kelele, "Kaka yangu amekuja!"

Nikasema nitakwambia mwaka ujao. Mwaka ujao nikaomba kazi Igarka.

Sijuti kwamba nilisema wewe ni dada yangu. Nataka ulisome hilo vizuri. Ninachojutia ni ukimya wa baadaye, ambao haukumlinda mtu ila mimi. Niliogopa siku ambayo ungekuwa na ndugu wa kweli nami niwe mtu tu wa jina moja.

Sasa una mama. Mpokee. Jina fanya utakavyo.

Arseni, ambaye ni Senya


Zaozerye, 2 Julai 1967

Kaka yangu Senya,

Nimeanza na neno hilo kwanza ili usiisome barua hii ukiwa umesimama. Kaa chini.

Nilikasirika, ndiyo. Siku nne sikusema na mtu, Lyonya alidhani amenikosea akatengeneza paa lililomshinda miaka miwili. Hasira haikuwa ya wewe kusema mimi ni dada yako. Ilikuwa ya miaka kumi, wewe huko peke yako na lile sanduku la biskuti, mimi huku nakutumia soksi.

Mama yangu alikuja tarehe 24. Nadezhda Verigina. Ni mdogo kwa umbo, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Hatukukumbatiana kama kwenye filamu. Alisema, "Naomba kuona goti." Pale pale kituoni, mbele ya watu, nikapandisha sketi. Akapiga magoti kwenye vumbi akaligusa lile kovu, akasema, "Nilikuwa nimegeuka kuchukua sukari. Nilikuwa nimegeuka mara moja tu." Miaka ishirini na mitano yote ameibeba ile sukari.

Nyumbani Mama Uliana alikuwa amevaa kitambaa cha sikukuu na amenuna. Wakakaa uso kwa uso kama watu wa baraza la usuluhishi. Mama Nadezhda akatoa cheti cha kuzaliwa akakiweka mezani. Mama Uliana akaweka sufuria ya uji juu yake.

"Kula kwanza."

"Ahsante, sina njaa."

"Hapa hakuna asiye na njaa. Kula."

Akala. Kisha akasema kwa upole kwamba anataka nirudi kuwa Verigina, kwa sababu baba yangu aliuawa na hakuna mwingine. Nikamwambia nitamwita mama, nitakwenda kwake kila kiangazi, lakini jina siwezi kulivua. Akalia. Akasema, "Miaka yote hii nimekuita kwa jina la Verigina kwenye kila ofisi. Unaniomba nianze kukuita vingine." Na Mama Uliana, ambaye nilidhani angefurahi, akainuka akaondoa sufuria, akakipangusa kile cheti kwa aproni yake, akakirudisha mikononi mwa mwenzake. "Mimi nina karatasi zangu tatu, za vifo," akasema, "na wenyewe hawarudi. Usinielewe vibaya."

Nikawasomea barua yako. Yote. Nilipofika kwenye jiko, Mama Uliana akasema, "Nilimwona."

"Ulimwona nani?"

"Senya. Alitupa kile kibandiko cha kitambaa motoni akageuka kuniangalia, macho makubwa hivi. Nikampa mwiko aulambe. Mtoto akichoma jina lake ana sababu." Halafu akaigusa barua yako mkononi mwangu. Akauliza, "Na baba yake aliandika hapa?" Mwaka 1946 yeye alikuwa jikoni, barua zilikuwa za ofisini, hakuna aliyemuuliza mpishi. Lakini tangu siku hiyo anaamka anasema, "Wangeniuliza mimi."

Mama Nadezhda aliniomba anwani yako. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa miaka mitatu ya kwanza nilikuwa namwomba Mungu, nami siamini, kwamba awepo mtu mmoja tu wa kumshika mkono. Nataka kumwona huyo mtu."

Chukua likizo. Nenda Leningrad, yeye atakungoja. Nenda kwa baba yako, kisha uje kwetu. Suala la jina langu tumelilaza, hajaniuliza tena wala mimi sijaligusa.

Dada yako,
Taya


Leningrad, 27 Agosti 1967

Dada yangu Taya,

Salamu kutoka nyumbani kwa mama yako, ambako nimelishwa mpaka nikaomba huruma. Kuna mvua nyembamba tangu Jumatano. Mzima niko mzima. Anakusalimu, na ameniagiza niandike kwamba Verochka apimwe macho.

Alinipokea kituoni akiwa ameshika karatasi yenye neno KALACHOV kwa herufi kubwa. Nilisimama mbele yake, naye akaniondolea uzi uliokuwa begani mwa koti langu. Tulitembea hadi kwake kwa miguu, mwendo wa saa nzima, naye akinionyesha duka hili, shule ile, mahali ulipoanza kutembea.

Kesho yake tukaenda ofisi ya makaburi. Kaburi la baba lina namba tu kwenye chuma, nikataka kuweka jiwe. Karani akafungua daftari. "Yurlov Vikenti. Wewe nani wake?"

"Mwanawe."

"Kitambulisho." Akakisoma. "Hapa umeandikwa Kalachov, Semyon. Marehemu ni Yurlov. Raia, mimi siwezi kumpa kaburi kila anayepita."

Nilitaka kuondoka, Taya. Nilikuwa nimeshavaa kofia. Mama yako akaweka ule mkoba wake mezani kwa kishindo. "Sikiliza, mwanangu," akamwambia karani, ambaye ana mvi nyingi kuliko mimi. "Mimi ni Verigina. Binti yangu wa kumzaa ni Kalachova. Nimemzaa mimi, na ni Kalachova, na atazikwa Kalachova. Sasa utaniambia si wangu? Andika ninachokwambia, au nikae hapa mpaka ufunge, na kesho nirudi na chakula changu."

Karani akamtazama, akanitazama. Akaniletea fomu. Kwenye nafasi ya uhusiano nikaandika "mwana". Nilipoinua kichwa mama yako alikuwa dirishani, amenipa mgongo. Nadhani ndipo aliposikia alichokuwa amekisema kuhusu jina lako.

Jiwe limewekwa jana, la kijivu, dogo. Juu yake yapo majina mawili: Vikenti Yurlov, na chini yake Lidia Yurlova, 1938 hadi 1942. Mchongaji aliuliza kama na yeye amelala hapo. Nikamwambia hapana, hana pa kulala, ndiyo maana. Akachonga bila kuuliza zaidi. Jina langu la zamani sitalirudisha. Limekaa vizuri pale pamoja nao, na la Mama Uliana nimelizoea mabegani.

Jumamosi tarehe 2 nitafika na treni ya saa nne asubuhi. Mwambie Mama Uliana hakukosea kitu kuhusu ile barua ya baba, na mwambie hivyo tena nikiwepo. Lyonya apashe moto bafu la mvuke.

Jana mama yako aliniacha pale kaburini peke yangu. Tangu Igarka nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia baba, ya kuomba radhi, nimeyakariri njia nzima. Yakanipotea yote. Nikamweleza habari zako: ulivyojifunza kusoma kwa gazeti la kufungia samaki, ulivyomnyima Lyonya jina, blauzi uliyoiunguza, meno ya Verochka. Nikawa namweleza tu, na mvua inanyesha, mpaka mlinzi akaja kuniambia wanafunga lango.

Kaka yako,
Senya